Kabla hujaomba moto, umezoa majivu?

Jumamosi iliyopita gesi ilituishia katikati ya maharage. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili aliyekuja likizo, akasema haina shida Mjomba nawasha mkaa, akalivuta jiko letu la zamani kutoka stoo, akajaza mkaa juu, mafuta ya taa, kiberiti, moto ukapanda mpaka nikaanza kuliangalia pazia, dakika mbili ukalala. Moshi tupu. Akapepea na mfuniko wa ndoo, akaongeza mafuta ya taa, ukapanda tena ukalala tena. "Mjomba, huu mkaa mbovu, umelowa." Nikamuuliza, umezoa majivu? "Majivu gani?" Tukamwaga mkaa wote chini, kumbe jiko limejaa majivu ya tangu Krismasi mpaka vile vitundu vya katikati havionekani, sasa hewa ipite wapi? Tukayatoa, tukarudisha mkaa ule ule aliosema mbovu, ukashika.

Nilicheka peke yangu maana wiki hiyo hiyo darasani tulikuwa kwenye Walawi 6. Mimi nafundisha Agano la Kale chuo cha Biblia, na Walawi ndo kitabu changu, kile ambacho watu wakianza kusoma Biblia nzima mwezi wa kwanza wanafika hapo wanaegesha. Nawaelewa. Lakini kuna mistari sita pale, wa 8 mpaka wa 13, ambayo kila nikisikia mtu anaomba "Bwana shusha moto" natamani nimshike bega nimwonyeshe.

Mistari hiyo ni ratiba ya asubuhi ya kuhani. Sadaka ya kuteketezwa, yaani mnyama anayechomwa mzima, imelala juu ya madhabahu usiku kucha ikiungua. Alfajiri kuhani anavaa nguo yake ya kitani na suruali ya kitani, anapanda, anazoa majivu ya sadaka ya jana, anayaweka kando ya madhabahu. Kisha anavua zile nguo, anavaa nyingine, anayabeba majivu mpaka nje ya marago (Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema marago, neno la zamani la kambi) na kuyaweka mahali safi. Halafu ndo anaweka kuni mpya, kila asubuhi, na sadaka mpya juu ya kuni. Ule mstari wa 13 tunaoupenda, moto usizimike, tunauandika kwenye mabango ya semina, umekuja mwishoni. Kabla yake kuna majivu na kuni. Na ukiangalia vizuri, pale kuhani haambiwi aushushe moto. Moto ulitoka kwa Bwana mwenyewe, sura ya 9, mara moja, watu wakaanguka kifudifudi. Baada ya hapo kazi ya kuhani ni kuutunza, na kuutunza maana yake kila siku uchafuke mikono.

Sasa kuna kitabu cha Kiyahudi kinaitwa Mishna, kilikusanywa kama mwaka 200 baada ya Kristo, yaani hekalu la Yerusalemu lilishachomwa na Warumi mwaka 70 lakini marabi wakawa wameshika kumbukumbu ya kazi zilivyokuwa zinafanyika mle ndani. Humo kuna habari ya kuzoa majivu ambayo mimi huwa nawasomea wanafunzi polepole. Makuhani wa zamu walikuwa wanalala ndani ya eneo la hekalu, kwenye chumba chenye moto wa kuota. Anayetaka kazi ya majivu anaamka kabla ya wenzake, anaoga, anasubiri msimamizi aje agonge mlango, anakuja wakati wa jogoo kuwika, kabla kidogo au baada kidogo. Wanapiga kura. Aliyeangukiwa na kura anaambiwa na wenzake, angalia usiguse chombo kabla hujanawa mikono na miguu kwenye birika, lile chombo kikubwa cha maji ya kunawia. Halafu anaenda. Anaenda peke yake, hakuna mtu anayemsindikiza, wala hashiki taa. Anatembea kwa mwanga wa moto wa madhabahu. Wenzake hawamwoni na hawasikii kitu mpaka wasikie mlio wa ile gurudumu ya mbao ya kuteremshia birika, ndo wanajua kaanza kunawa. Anachukua koleo la fedha, anapanda, anasukuma makaa huku na huku, anachota yaliyoungua mpaka ndani kabisa, anashuka.

Hiyo picha ya mtu mmoja gizani, koleo mkononi, mwanga pekee ni ule wa moto anaokwenda kuuhudumia, mimi nimeihubiri mara moja tu na nikashindwa kuimaliza vizuri. Kuna vitu ukivielezea sana unaviharibu.

Na usidhani kazi hii ilikuwa ya kudharauliwa. Mishna inasema zamani haikuwa na kura, anayetaka anaenda, na wakiwa wengi wanakimbia mbio kupanda ule mteremko wa madhabahu, anayetangulia kufika juu ndo anapata. Siku moja wawili wakawa sawa sawa, mmoja akamsukuma mwenzake, akaanguka akavunjika mguu. Ndo wakubwa wakasema basi, kuanzia leo kura. Yaani watu walivunjana miguu kugombania majivu! Sisi tunagombania maiki.

Halafu neno lenyewe. Kwa Kiebrania majivu haya yanaitwa desheni, na maana ya msingi ya neno hilo ni unono, mafuta. Majivu yaliyolowa mafuta ya mnyama. Mzizi ule ule ndo uko Zaburi 23 pale tunaposoma umenipaka mafuta kichwani pangu. Kwa hiyo ukiyaita takataka umekosea. Ni sadaka iliyokubaliwa, imeisha kuungua, ndo maana hata huko nje inapelekwa mahali safi, hairushwi jalalani. Ni kitu kitakatifu lakini cha jana. Na kitakatifu cha jana kikiachwa kinaziba hewa ya leo sawasawa na taka.

Hapa ndo naomba tukae kidogo, maana wengi tukisikia "ondoa majivu" tunafikiria dhambi tu. Tubu, samehe, futa. Sawa, hilo lipo, lakini dhambi kwenye Walawi ina utaratibu wake, sura ya 4 na ya 5, damu na kila kitu. Majivu ni habari nyingine. Majivu ni ule mfungo wa siku 21 uliofunga mwaka juzi ukaona mkono wa Mungu. Ni ushuhuda wako wa mwaka 2009 ambao kila ukipewa nafasi unausimulia na watu wameshaukariri mpaka wanajua wapi utalia. Ni huduma iliyofanya vizuri. Ni mahubiri ya Jumapili iliyopita ambayo bado unayafikiria Jumatano, walipiga makofi kweli au ilikuwa heshima tu. Vyote hivyo viliungua kwa Bwana, ahsante, vibebe kwa heshima uviweke mahali safi, vishukuru, uweke kuni.

Mimi hili nililijua kwa kuumia. Kuna kanisa nililitumikia kama kiongozi wa maombi, sitalitaja, tulianza vizuri sana, mikesha ya Ijumaa ikajaa, watu wakafunguliwa. Mwaka wa tatu mimi niko mkavu kabisa lakini mbele za watu napiga kelele ile ile, nyimbo zile zile, maneno yale yale yaliyofanya kazi mwaka wa kwanza, na yakikataa naongeza sauti ya spika. Mafuta ya taa. Yanapanda dakika mbili yanalala. Nililaumu watu, nikalaumu mji ule una roho ngumu, yaani mkaa mbovu mkaa umelowa. Hakuna aliyeniuliza ile swali niliyomuuliza mpwa wangu, na mimi mwenyewe mwalimu wa Walawi sikujiuliza.

Siku hizi asubuhi yangu naianza na majivu. Naamka, nanawa (ndiyo, kwa maji, uso na mikono, nimejizoeza iwe ni sehemu ya sala, maana birika la shaba lilikuwa kati ya hema la ibada la kule jangwani, kabla ya hekalu, na madhabahu na hakuna kuhani aliyekuwa anaruhusiwa kulipita kavu), nakaa kwenye stuli jikoni, simu iko chumbani. Naitaja jana kwa Mungu kama ilivyokuwa. Tulifanya hili likaenda vizuri, ahsante, limeisha. Nilimjibu fulani vibaya, leo nitampigia. Niliombewa nikajisikia vizuri, ahsante, limeisha. Dakika tano, saba. Halafu ndo nafungua Biblia, hizo ndo kuni. Sio lazima niwe na hamu. Walawi haisemi kuhani aweke kuni akijisikia, inasema kila asubuhi.

Na ile ya kubadili nguo, watu wanaipita haraka ila mimi naipenda. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyeishi Ufaransa karne ya 11, anaieleza kwa mfano wa nyumbani: nguo uliyovaa kupika chungu cha bwana wako, usiivae ukimmiminia kikombe. Yaani kuna nguo ya jikoni na nguo ya mezani, na kuhani yule yule anavaa zote mbili. Hana mtu wa kumbebea majivu. Nikiona mtumishi ana kijana wa kumshikia Biblia, mwingine wa kumshikia maji, mwingine kitambaa, huwa nawaza, huyu majivu yake anabeba nani?

Kazi nyingine za kuhani nitazipitia kwa haraka maana nishaandika sana. Taa: Kutoka 30 inasema Haruni, kuhani mkuu wa kwanza, akiwa anazitengeneza taa kila asubuhi, ndo anafukiza uvumba. Kutengeneza ni pamoja na kuondoa utambi ulioungua, aliyekulia kwenye kibatari anajua, utambi ukiota kichwa cheusi taa inatoa masizi hata kama mafuta yapo. Habari ni ile ile ya majivu. Ukoma: Walawi 13 na 14, kuhani haponyi mtu, anaangalia, na kama hana uhakika anasubiri siku 7 aangalie tena, na mtu akipona kuhani ndo anatoka nje ya kambi kumfuata. Tungeiga hiyo ya siku 7 tu, ndoa ngapi na majina ya watu wangapi yangepona kabla hatujatangaza.

Majina, hapo lazima nisimame. Kuhani mkuu alivaa vito viwili vya shohamu mabegani, kila kimoja kimechorwa majina 6 ya makabila, na kifuani vito 12, jina moja kila kito. Akiingia patakatifu anaingia na majina hayo. Begani maana ni mzigo, kifuani maana ni moyo, na majina yamechorwa, hayajaandikwa kwa wino. Sasa sisi kwenye grupu la WhatsApp mtu anaandika mama yangu kalazwa, watu 40 wanajibu "tunakuombea" na vile vimikono viwili, na saa hiyo hiyo mmoja anatuma tangazo la viwanja. Nimejiwekea sheria, nikiandika hilo neno namwombea pale pale niliposimama hata kama ni kwenye daladala, na jina linaingia kwenye daftari. Majina yangu ni 12. Nilikuwa nayo 60 nikawa nasoma kama mahudhurio ya darasa.

Wengine mtaniuliza habari ya "kuhani wa familia", maana siku hizi linafundishwa sana, kwamba baba ni kuhani wa nyumba kwa hiyo neno lake ndo la mwisho. Kutoka 19:6 taifa lote linaambiwa mtakuwa ufalme wa makuhani, na Petro analirudia kwa kanisa lote, waume kwa wake. Lakini hata tukikubali kwamba baba ni kuhani, basi tumpe kazi ya kuhani kamili: aamke wa kwanza, achukue koleo.

Zakaria baba yake Yohana wote tunamjua, Luka 1, kura ikamwangukia afukize uvumba, malaika akamtokea. Uvumba ule ulichomwa kwa makaa yaliyotolewa kwenye ile madhabahu ya nje. Maana yake siku ile alfajiri kuna kuhani mwingine wa zamu alishapanda na koleo gizani akasafisha. Luka hajamtaja jina. Hakuna malaika aliyemtokea, alishuka akaenda kunywa chai ya wakati wao, sijui walikuwa wanakunywa nini.

Kwetu Iringa, asubuhi ya baridi, sisi watoto tulikuwa tumejikunyata chini ya blanketi moja watatu. Hatumwoni mama, hatusikii kitu. Halafu kutoka jikoni nyuma unasikia kipande cha bati kinakwangua chini ya jiko, kwaru, kwaru, kwaru. Kaka yangu mkubwa anasema, "Mama kashaamka, amkeni."