Je, wajua kwa nini riwaya hukwama katikati?

Mwandishi ana mwanzo mzuri, hata mwisho anaujua, lakini akifika sura ya saba kalamu inagoma. Haraka hutafuta dawa kwenye msuko, yaani mpangilio wa matukio: aongeze ajali, au mtu afe ghafla. Mara nyingi ugonjwa hauko huko. Uko kwa mhusika anayetumwa huku na kule na mwandishi asiyemfahamu.

Matukio ya riwaya huzaana, na kinachoyazalisha ni uamuzi. Mtu anataka kitu, anazuiwa, anachagua, kisha anaishi na alichokichagua. Usipojua anataka nini utamchagulia wewe, na msomaji atauhisi mkono wako.

Chukua binti anayekuta barua ya marehemu baba yake, ikitaja mtoto wa nje ambaye familia haimjui. Mwandishi anataka ugomvi, basi anamfanya aichome. Sura inayofuata haiji. Aweke kalamu chini, ajiulize huyu binti ni nani. Kumbe ndiye aliyemwandikia baba hesabu zake kwa miaka kumi, mtu asiyetupa hata risiti. Mtu wa namna hiyo hachomi karatasi. Ataisoma mara mbili, ainakili, airudishe ilipokuwa, kisha asubiri aone ni nani atakayekuja kuitafuta. Anayekuja ni mama. Hapo hadithi imepata njia ambayo haikuwamo kwenye mpango wowote.

Mjadala wa kipi kitangulie, msuko au mhusika, ni wa kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, katika karne ya 4 KK, aliutanguliza msuko mbele ya wahusika, ingawa yeye alikuwa akizungumzia tanzia za jukwaani. Henry James, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Marekani, katika insha yake ya mwaka 1884, aliona kwamba mhusika na tukio havitenganishiki. Baadaye alieleza kuwa riwaya yake The Portrait of a Lady, iliyotoka mwaka 1881, haikuanza na msuko bali na taswira ya msichana mmoja. Kazi ikawa kutafuta atafanya nini. Kwa riwaya, inayoweza kukaa ndani ya kichwa cha mtu kwa mamia ya kurasa, naamini James ana hoja yenye nguvu zaidi.

Kumjua mhusika hivyo si kujaza fomu ya rangi ya macho na tarehe ya kuzaliwa. Andika ukurasa ambao hautaingia kitabuni: mhusika yuko peke yake, anamsubiri mtu anayechelewa. Anajidanganya kuhusu nini? Anamwonea nani wivu? Mhusika bapa, yaani wa sifa moja asiyebadilika, anayepita mara moja hahitaji haya yote, lakini aliyebeba hadithi anayahitaji.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: ni jambo gani hatalifanya kamwe? Ukilijua, msukume polepole kuelekea huko. Binti wetu hachomi karatasi. Sura ya mwisho inaweza kumkuta amesimama mbele ya moto, barua mkononi, mama yake akimtazama.