Mkwezi hapandi peke yake: yasemwayo chini ya mnazi na yalivyo kweli

Ukipita shambani siku ya kuangua nazi, macho huenda juu yenyewe. Ndiyo maana mengi yanayosemwa kuhusu wakwezi wa pwani yetu, kuanzia Kilifi hadi Mafia na Unguja, yanatoka kwa watu waliomtazama aliye kileleni wakawasahau wenzake. Nimekusanya yale yanayorudiwa sana vibarazani.

"Kukwea ni kazi ya mtu mmoja."

Mnazi mrefu hufika mita 20 na zaidi, na kweli kileleni hapana nafasi ya watu wawili. Lakini hesabu walio chini. Yupo anayefukuza watoto na mbuzi, wapo waokotaji na wabebaji, na pembeni pamesimikwa kifuo, mti wenye ncha wa kuondolea nazi makumbi, yaani maganda ya nyuzinyuzi, ambapo mfuaji atashinda mpaka jua litue. Kwenye shamba dogo kazi zote hizo hufanywa na watu wawili, baba na mwanawe au mtu na shemeji yake. Chini ya hapo hapapandwi.

Mtu wa chini ndiye macho ya mkwezi. Aliye juu amezongwa na makuti, haoni kole, yaani kichala cha nazi, lililoko upande wa pili, na upepo ukianza kuyumbisha minazi ya jirani yeye hana habari. Utasikia kijana anamwambia mkubwa wake, "Ami, hizo za upande wa bahari bado, ziache." Na wa juu kabla hajaangusha chochote huuliza kwa sauti kama chini ni salama. Akijibiwa, panga linapiga. Asipojibiwa, anangoja hata kama mkono umeanza kufa ganzi.

Madafu ndiyo yanayoonyesha zaidi ushirika huu. Nazi iliyokomaa huangushwa tu, ina makumbi ya kuilinda. Dafu likianguka hupasuka na maji kumwagika, kwa hiyo kole zima hufungwa kamba na kushushwa taratibu, na wa chini hulipokea kabla halijagusa ardhi. Wakielewana, husikii neno. Wasipoelewana, shamba zima linajua.

Utani wao nao ni mkali. Mkwezi akikawia kileleni ataulizwa kama ameoa huko huko. Mwokotaji akikimbia nazi iliyoangukia mbali naye, atachekwa hadi zamu nyingine ya kuangua, ambayo ni miezi miwili au mitatu mbele.

"Nazi huua watu 150 duniani kila mwaka."

Hii imezunguka sana magazetini na kwenye intaneti, mara nyingi ikilinganishwa na wanaouawa na papa. Hakuna hesabu iliyowahi kufanywa ikaleta jibu hilo. Wanaoitaja hupenda kuiegemeza kwa daktari Peter Barss, aliyefanya kazi katika jimbo la Milne Bay, Papua New Guinea. Mwaka 1984 alichapisha utafiti uliopitia majeruhi waliolazwa hospitalini kwa miaka minne, na akakuta asilimia 2.5 yao waliangukiwa na nazi. Vifo vya dunia nzima hakuvihesabu. Mwaka 2001 utafiti huo ukapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha, na hapo ndipo umaarufu ulipozidi ukweli.

Sisemi ulale chini ya mnazi. Nazi na makumbi yake ina kilo moja hadi nne, na inatoka mbali. Ila mwaka huohuo Barss na wenzake walichapisha utafiti mwingine, kuhusu watu wanaoanguka kutoka mitini, na huko ndiko kulikokuwa na mzigo mkubwa zaidi wa majeruhi. Huo haukuchekesha mtu, na wachache wanaukumbuka.

"Mkwezi ana dawa, haanguki." Wengine hugeuza: bila bangi hapandi mtu.

Wakwezi huanguka, wenye hirizi na wasio nayo. Sababu wanazijua wenyewe: shina lililolowa mvua, kitanzi cha miguuni kilicholika, nyigu waliojenga kwapani mwa kuti, upepo wa mchana. Ndiyo maana kazi huanza asubuhi, na mkwezi makini hukivuta kitanzi chake kwa nguvu zote akiwa bado amesimama ardhini. Kuti kavu halikaliwi wala halishikwi. Linaonekana limekaa imara mahali pake, lakini ukilining'inia hutoka zima na kikonyo chake, na wewe nyuma yake.

Kuhusu bangi, sitabisha kwamba wavutaji wapo. Wapo pia miongoni mwa madereva na walimu. Lakini kundi lenye akili halimpandishi mtu aliyelewa, kwa sababu panga likimponyoka, vichwa vilivyo chini ni vyao.

"Majimoto ni adui, viota vyao vichomwe."

Hapa wakwezi wenyewe ndio wanaokosea, na nawaelewa. Sisimizi hao wa rangi ya kahawia-nyekundu, wanaoshona majani kuwa viota, hung'ata vibaya, tena wakati mikono yako yote miwili ina kazi. Mtu hushuka akicheza ngoma isiyo na wapigaji, wenzake wakimpangusa mgongo huku wakicheka.

Lakini katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu M. J. Way alichunguza minazi ya Zanzibar. Alionyesha kwamba majimoto wanapoutawala mti, humzuia kunguni mmoja anayefyonza nazi changa na kuzifanya zipukutike zingali vidaka. Kunguni huyo hata jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limetokana na Way. Nazi zikipukutika, mwenye shamba hulaumu jicho la jirani. Pengine alaumu kibiriti chake. Majimoto wana mahasimu wa kuwatosha tayari: sisimizi wadogo wa ardhini ambao huwafukuza mitini, na pale wanaposhinda, kunguni hurudi.

"Akiwa juu mwambie akate na makuti mabichi, mti upumue."

Mnazi hutoa kuti jipya takriban kila mwezi, na kwapani mwa kila kuti hutoka karara moja, ganda lenye upunga, yaani maua ya mnazi. Kuti bichi ndilo linalolisha mti, na ndilo linaloegemewa na kole likizidi uzito. Ukilikata leo hutaona kitu leo, kwa kuwa kutoka upunga hadi nazi ni karibu mwaka mzima. Hasara inakuja wakati umeshasahau ulichokiagiza. Makuti makavu na makarara ya zamani, sawa, hayo yaondolewe.

Dhana hii ina dada yake: kwamba vidato vilivyochanjwa kwenye shina ili kupandia vitaziba vyenyewe. Mwembe hufunika jeraha lake kidogo kidogo kwa mbao mpya. Mnazi hauwezi, kwa sababu kimaumbile uko upande mmoja na nyasi na mahindi, hauna ule utando hai chini ya gome unaotengeneza mbao mpya. Kidato alichokichanja babu kipo mpaka leo, kinatuama maji. Anayepanda kwa kitanzi huuacha mti mzima.

Na mnazi una moyo mmoja tu, kule kileleni kabisa. Ukifa moyo, umekufa mti, hauchipui pengine. Chonga, mbawakawa mwenye pembe, analijua hilo, ndiko anakotoboa. Dalili yake ni makuti yanayofunguka yakiwa kama yamekatwa kwa mkasi, mkato wa pembe tatu, na wa kwanza kuiona kwa karibu ni mkwezi. Akiwa na waya wenye ncha iliyopindwa humchokonoa mdudu na kumtoa tunduni. Mwenye shamba aliyeita mtu wa kuangua amepata na daktari ndani ya bei hiyohiyo.

"Ni kazi ya walioshindwa shule."

Mwambie anayesema hivyo asimame chini ya mnazi atenganishe dafu, koroma (lililo kati ya dafu na nazi) na nazi kwa macho tu, kwenye mti wenye rika zote kwa pamoja. Mkwezi hutazama rangi, hugonga kwa bapa la panga akasikiliza, huamua, na hana nafasi ya kurudisha alichokikata. Koroma likienda sokoni kama nazi, mama mkamua tui atakuja kulalamika kesho.

Kule Kerala, India, wakwezi walipoadimika, bodi ya serikali ya maendeleo ya minazi ilianzisha mwaka 2011 mpango wa kuwafundisha vijana, wanawake wakiwemo, kukwea kwa kifaa na kutunza mti, tena na bima ya ajali. Huku kwetu kijana huanzia kwenye mnazi mfupi wa kitamli, kaka yake akiwa chini akimsahihisha kwa matusi ya mapenzi, na bima yake ni huyo kaka.

"Dakika kumi tu, halafu anataka hela yote hiyo!"

Mara nyingi malipo huhesabiwa kwa mti, na mnazi wenye nazi tano unatoa jasho lilelile la mnazi wenye arobaini. Na hela hiyo haiingii mfuko mmoja. Ukipatana na mkwezi, patana hapohapo na waokotaji na mfuaji. Ukimlipa wa juu peke yake, atawagawia wenzake kutoka humohumo, na siku nyingine ukimwita atakuwa na harusi ya binamu yake huko Pangani.