Cheni ya pikipiki: isilegee sana, isikazwe kama waya

Cheni ikianza kugonga kava, waendesha bodaboda wengi hukimbilia spana na kuikaza mpaka inyooke kama kamba ya kuanikia nguo. Hapo ndipo wanapoiua. Cheni lazima ichezecheze kidogo, na sababu yake utaiona abiria akipanda: shokapu zinabonyea, gurudumu la nyuma linapanda, na umbali kati ya spoketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele na ya nyuma unaongezeka. Cheni isiyo na nafasi huvuta beringi za giaboksi na za gurudumu, na siku ya mishikaki (abiria wengi kwa mara moja) au magunia ya mkaa inaweza kukatika. Iliyolegea mno nayo huruka, na ikijisokota gurudumu la nyuma hukwama mkiwa mwendoni.

Zima injini, weka gia huru, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Tafadhali, usiguse cheni injini ikiwa inaunguruma. Spoketi hukata kidole kabla hujashtuka. Shika cheni ya chini, katikati ya spoketi mbili, ishushe na uipandishe ukiwa na rula. Kwa pikipiki nyingi ndogo za abiria icheze milimita 20 hadi 30, ila fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Zungusha gurudumu polepole upime tena na tena, kwa sababu cheni iliyochakaa hukaza hapa na kulegea pale. Kipimo cha kufuata ni cha pale palipokaza zaidi.

Ukirekebisha, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha skrubu za kurekebishia cheni, pande zote mbili kwa kiasi kilekile: robo mzunguko ile ya upande wa kulia, robo mzunguko ile ya kushoto. Alama zilizo karibu na ekseli pande zote zilingane. Chuchumaa nyuma, fumba jicho moja, uitazame cheni ikiingia kwenye spoketi: iwe imenyooka. Meno yaliyolika upande mmoja yanakuambia gurudumu limekaa upande siku nyingi.

Kuna jambo linalosahaulika mno, nalo linanisikitisha. Ukivuta gurudumu nyuma, fimbo ya breki ya dramu (ile inayounganisha pedali na breki ya nyuma) nayo inakazwa, na breki hubaki imekamata hadi dramu inachemka. Legeza nati ya fimbo hadi gurudumu lizunguke huru, kanyaga pedali uone linasimama. Kaza ekseli, kisha pima cheni mara ya mwisho, kwa maana kukaza nati huweza kuisogeza.