Boma Limejaa Watu, Mzee Bado ni Mpweke

Watoto wanaomleta mzazi wao kwenye kliniki yetu hapa Kisumu huwa na jibu moja tukiwauliza kama mzee ana watu wa kuongea nao: "Daktari, pale nyumbani watu ni wengi sana." Na ni kweli. Kuna mke wa kijana wa tatu, kuna wajukuu, kuna mchungaji wa ng'ombe. Lakini mzee mwenyewe akipewa nafasi ya kujibu, mara nyingi husema wanaomsemesha humuuliza mambo mawili tu: amekula, na amemeza dawa.

Kwa upande mwingine, utamkuta nyanya anayeishi peke yake kule Ahero, ana chama chake Alhamisi, yuko kwaya, na ana jirani wa kugombana naye kila wiki kuhusu mbuzi. Huyo hajambo. Upweke ni lile pengo lililopo kati ya mahusiano aliyo nayo mtu na yale anayoyahitaji. Pengo hilo halionekani kwa kuhesabu vichwa bomani.

Mwaka 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya kijamii ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Vijana wamo kwa wingi katika hesabu hiyo, tena kuliko wazee. Ila kwa mzee, upweke humkuta mwilini tayari kuna presha, sukari au magoti yaliyochoka. Mtu aliyejitenga hulala vibaya, hatembei, hupika chai na kuiita chakula cha jioni, na akiacha dawa hakuna anayegundua. Mwili nao hukaa katika hali ya tahadhari siku nzima, na presha hupanda.

Kuna jambo jingine ambalo familia hulisoma vibaya. Upweke wa muda mrefu hufanya akili iwe na shaka. Salamu iliyotolewa kwa haraka huonekana ni dharau. Simu isiyopokelewa huonekana ni njama. Kwa hiyo mzee huwa mkali, watu wanamkwepa, naye anapata ushahidi kwamba hawamtaki. Tukiambiwa "baba amekuwa mgumu tangu mama afariki", sisi huanzia hapo kwanza kabla ya kuzungumzia tabia.

Huku magharibi mwa Kenya njia za kufikia upweke huo si nyingi, na ukishaishi hapa unazifahamu. Ya kwanza ni ya mwanamume aliyefanya kazi Nairobi, Mombasa au Nakuru miaka thelathini na zaidi, kisha akastaafu akarudi Vihiga au Siaya. Nyumba ya mabati mapya ipo, migomba ipo. Marafiki wake wamebaki mjini, mitaa ya Bondeni au Makongeni, na wale aliosoma nao kijijini walizoeana bila yeye. Kijijini anaitwa mgeni kwa adabu kwa miaka kadhaa. Mahali pekee panapomkaribisha bila maswali ni kwa mama pima, muuzaji wa pombe ya kienyeji, na sisi wa afya tunapomkataza pombe bila kumwonyesha pengine pa kukaa saa kumi jioni, tunamwondolea wenzake wote kwa pigo moja. Sisemi aendelee kunywa. Nasema tuulize anakunywa na nani.

Ya pili ni matanga. Hakuna watu wanaojua kukusanyika kama sisi. Mtu akifariki, hema zinafika, viti vinakodishwa, watoto wanatoka hadi ng'ambo, boma linalala macho wiki nzima. Kisha hema zinang'olewa, mabasi yanarudi Nairobi, na mjane aliyeishi na mtu mmoja miaka arobaini anabaki na sufuria kubwa za kuazima za kurudisha. Majonzi huendelea kwa miezi, wakati ambapo kila mtu ameshatimiza wajibu wake. Kama familia yenu ina kamati ya mazishi, ipeni kazi moja zaidi kabla ya kuivunja: orodha ya nani atalala kwa mama wikendi ipi, hadi mwezi wa sita.

Ya tatu huwahusu zaidi akina nyanya wanaolea wajukuu walioachwa na UKIMWI, au ambao wazazi wao wako mjini. Huyu hana hata dakika ya kukaa. Anaulizwa karo, anaulizwa sare, anaulizwa unga. Hana mtu wa rika lake wa kumwambia kwamba amechoka.

Zamani katika boma la Wajaluo mzee alikuwa na duol, kibanda karibu na zizi ambako wanaume walikula pamoja na kuota moto. Wasichana nao walilala siwindhe, nyumbani kwa mwanamke mzee, wakisikiliza hadithi. Sitaki kuyapamba maisha yale. Yalikuwa na dhuluma zake. Ila mpangilio huo ulimpa mzee watu wa kumsikiliza kila jioni bila mtu yeyote kuhitaji kuwa na roho nzuri siku hiyo. Leo tumeacha kila kitu kitegemee roho nzuri. Mjukuu yuko shule ya bweni, akirudi ana simu yake, na mtoto aliye mjini atapiga "nikipata nafasi".

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza ni ratiba. Simu ya Jumapili saa mbili usiku, kila Jumapili, humsaidia mzee kuliko simu tatu za ghafla na kimya cha mwezi. Anaingoja, anaweka akiba ya habari. Na pesa ya M-Pesa isiyo na maneno ni pesa tu. Nzuri, lakini haijazungumza na mtu.

Ushauri wa pili ni kazi. Simaanishi jembe. Mzee anahitaji kuhitajika. Mpigie umuulize mpaka wa shamba la nyuma ulipita wapi, mbegu ipi ya mtama ilistahimili ukame, ugomvi wa kaka zako umalizwe vipi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, inapotaja haki za wazee huanza na kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Kutunzwa na familia na Serikali huja mwisho wa orodha. Sisi majumbani tumeigeuza: tunatunza, na tukishatunza tunadhani tumemaliza.

Zimbabwe wana mfano mzuri. Tangu 2006, mradi ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda umewafundisha akina nyanya kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye huzuni na mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na nyanya hao walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Angalieni nani hapo anatoa huduma.

Kabla ya yote hayo, lakini, pimeni masikio. Zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana tatizo kubwa la kusikia, na wengi hujificha kwa kutabasamu na kuitikia. Baada ya muda huacha kuja sebuleni. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, inayotolewa kliniki kwa muda mfupi. Macho vilevile: mtoto wa jicho hupasuliwa, na huku kwetu hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga, inajulikana kwa kazi hiyo. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 liliweka kutosikia, kutoona vizuri na kutengwa na watu miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensha, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na ambayo yanaweza kushughulikiwa.

Na mkojo. Hakuna anayelitaja, kwa hiyo nitalitaja mimi. Wanaume wenye shida ya tezi dume na wanawake wanaovuja wakikohoa huacha kanisa, baraza la chifu na safari za matatu kwa sababu choo kiko mbali. Watasema ni magoti. Muulize faraghani, au umwombe daktari amuulize. Mengi ya haya yana tiba.

Wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao wakipima presha ni watu wa kutumia. Mwombe anayehudumia kijiji chenu akae dakika kumi zaidi kwa mzee anayeishi peke yake, na akupigie akiona mabadiliko.

Ikiwa mzee amekosa furaha kwa wiki mbili au zaidi, anaamka alfajiri na kushindwa kulala tena, chakula kimemshinda, au anasema mara kwa mara kwamba heri Mungu amchukue, hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni (depression), na inatibika hata ukiwa na miaka 80. Mpeleke kituo cha afya na useme maneno hayo hayo aliyoyasema. Msiishie kwa "mwili unamuuma". Akizungumzia kujiua, msimwache peke yake, wekeni dawa za mifugo na za shamba mbali naye, na mpige 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya. Na akianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usifikirie upweke wala uzee: huenda ni maambukizi, na anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.