Kanga Kupeperuka Kibirizi Si Kipimo cha Umeme

Kiangazi, pale mwalo wa Kibirizi, akina mama wanaoanika dagaa hushika kanga kwa mkono mmoja na kugeuza dagaa kwa mwingine. Ndipo maneno yanapoanza: upepo wote huu, kwa nini tusifungiwe mitambo ya umeme wa upepo hapahapa Kigoma?

Dhana: Penye upepo wa kupeperusha kanga pana umeme.

Upepo wa ufukweni ni kigeugeu. Mchana hutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu, na kati ya hapo hutulia. Mtambo mkubwa hutaka upepo wa uhakika huko juu, mita 80 na zaidi, siku nyingi za mwaka. Hesabu yenyewe haina huruma: upepo wa mita 8 kwa sekunde una nguvu mara 4 ya ule wa mita 5. Kanga itapepea kote kuwili. Ndiyo maana kila mara yanatajwa maeneo kama Singida na Makambako, na kule Mwenga, Mufindi, mitambo 3 ya jumla ya megawati 2.4 tayari inazunguka. Kwetu, mlingoti wa kupimia upepo utangulie.

Dhana: Mitambo inameza mashamba.

Jimbo la Iowa, Marekani, hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kwa upepo, na bado ni nchi ya mahindi. Yanalimwa hadi karibu na nguzo, na mwenye shamba analipwa kwa kukodisha ardhi yake.

Dhana: Yale mapangaboi yanafukuza mvua.

Hapana. Mawingu ya mvua yanajengeka hadi kilomita nyingi angani; mapanga kwa kawaida hayafiki hata robo kilomita. Lawama yao ya kweli ni nyingine: hugonga tai na popo, kwa hiyo mahali pa kusimika mitambo ni pa kuchagua kwa makini.

Dhana: Mitambo ikifungwa Singida, Kigoma tunaambulia patupu.

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Miaka mingi mkoa huu uliwashiwa taa na majenereta, na dizeli yake ilisafirishwa kutoka mbali kwa gharama kubwa. Majenereta ya Kasulu yalizimwa 2022, gridi ya Taifa ilipofika. Hakuna aliyejenga bwawa Kasulu. Waya ndio uliofika. Upepo nao ukiingia kwenye gridi, maji hubaki bwawani na gesi huchomwa kidogo. Tena upepo wetu huchangamka kiangazi, mito inapopungua.

Waya ukikosekana, hata upepo mkali ni bure. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, Kenya, megawati 310, ilisimikwa yote kufikia 2017. Ikakaa hadi Septemba 2018 ikisubiri njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400, na serikali ikadaiwa fidia ya ucheleweshaji.