Kuletewa kocha si kufukuzwa kazi

Mtwara mjini, ikisikika kwamba kampuni imemtafutia meneja wake kocha wa uongozi, yaani mtu wa kumsaidia kufikiri upya namna anavyoongoza, wengi huelewa kuwa bosi huyo ameshindwa kazi na siku zake zinahesabika. Si ajabu. Tumezoea kwamba ukiitwa pembeni, unaenda kuonywa.

Kwa kawaida, ukocha wa viongozi hutumika zaidi kwa mtu ambaye kampuni inataka abaki: aliyepandishwa cheo karibuni, au anayeandaliwa kubeba mzigo mkubwa zaidi. Na kocha si mshauri. Mshauri huleta majibu, kocha huuliza. Chukua meneja wa ghala la korosho msimu wa minada. Malori yamepanga foleni hadi barabarani, simu mbili zinaita, kila karatasi inasubiri saini yake. Kocha hatamfundisha korosho, hazijui. Atamuuliza: “Msaidizi wako aliamua jambo bila wewe lini mara ya mwisho?” Kimya kinachofuata ndicho kazi yenyewe.

Ni kweli kampuni nyingine humwita kocha kama hatua ya mwisho kabla ya kumwondoa mtu. Ili kujua, omba makubaliano ya maandishi. Yanataja lengo gani? Nani ataambiwa yanayozungumzwa? Kama kocha anapeleka ripoti ya kila kikao kwa mwajiri, hiyo ni tathmini iliyovaa kanzu ya ukocha. Cheti cha kocha nacho kihakiki kwa waliokitoa, maana katika nchi nyingi yeyote anaweza kujiita kocha.