Kunakili folda ya pointi za kurejesha hakukuokoi
Wengi huamini kwamba ukijipa ruhusa ya kufungua folda ya System Volume Information kwenye Windows, inamokaa pointi za kurejesha (kumbukumbu za kuirudisha Windows kwenye hali yake ya awali), kisha ukainakili kwenye diski ya nje, umeshajiwekea akiba ya kurejesha kompyuta. Sivyo. Tangu Windows Vista, pointi ya kurejesha si mafaili kamili: huhifadhi vipande vya data kama vilivyokuwa kabla ya kubadilishwa, navyo havina maana bila diski ileile vilikotoka. Diski ikifa, vimekufa pia. Tena nafasi ikibana, Windows yenyewe hufuta pointi za zamani. Tafadhali usichezee ruhusa za folda hiyo. Tengeneza nakala ya mfumo mzima kwenye diski nyingine, na nyaraka zako uzinakili kando, maana pointi hizo hazikuundwa kuzilinda.